Umeacha Kazi, Kamisheni Imebaki: Mwongozo kwa Wauzaji wa Kakoba na Nakivale

Kabla hujarudisha simu ya kampuni, kaa nayo chini ukiwa na daftari. Andika kila mteja uliyemuuzia ambaye kamisheni yake hujalipwa: namba yake ya akaunti, tarehe ya mauzo, bidhaa, bei, na alichokwisha kulipa hadi leo. Fanya hivyo hata kama unaondoka kwa amani na meneja amekuahidi kwa mdomo kwamba hesabu yako itatumwa wikendi. Siku utakapokabidhi simu, programu ya mauzo itafungwa kwako, utatolewa kwenye kundi la WhatsApp, na kuanzia hapo hesabu ya jasho lako itakuwa mikononi mwa yule yule unayemdai.

Kwa maoni yangu, madai ya kamisheni hupotea hapa zaidi kuliko yanavyopotea mbele ya hakimu. Sheria ya Uganda haiko vibaya kwa mfanyakazi aliyeacha kazi. Kinachomwangusha ni kufika ofisini akiwa na hasira na jumla ya kukisia.

Mwongozo huu ni wa kijana anayezunguka Juru na Rubondo, Nakivale, kwa boda akiuza sola za mkopo, dada anayeuza simu kwenye duka la High Street mjini Mbarara, mwenzake wa Kakoba anayechukua oda za vinywaji na kulipwa kwa kila kreti, na yeyote mwingine ambaye mshahara wake una sehemu mbili: ile ndogo inayokuja kila mwezi, na ile inayotegemea alichouza.

Tuanze na swali ambalo waajiri wengi hupenda kulivuruga: kamisheni ni mshahara, au ni zawadi ya bosi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaeleza mshahara kuwa malipo au mapato yoyote, vyovyote yatakavyoitwa au kuhesabiwa, mradi yanaweza kutajwa kwa fedha na yanatokana na mkataba wa kazi, uwe wa maandishi au wa mdomo. Shika maneno hayo, “vyovyote yatakavyoitwa au kuhesabiwa”. Kiasi kinachohesabiwa kwa asilimia ya mauzo, au kwa shilingi kadhaa kwa kila seti, kinaingia humo bila kubanwa. Sheria ya Kodi ya Mapato nayo inaitaja kamisheni kwa jina katika orodha ya mapato ya ajira, sambamba na mshahara na bonasi. Kwa hiyo kama karatasi zako za malipo zinaonyesha kamisheni ilikatwa kodi pamoja na mshahara, zihifadhi vizuri. Itakuwa vigumu kwa kampuni kuiambia serikali kwamba hayo ni mapato ya mfanyakazi, kisha ikakuambia wewe kwamba yalikuwa hisani.

Halafu kuna siku 7. Kifungu cha 43 cha sheria hiyo kinasema kwamba ajira inapokwisha, kwa namna yoyote ile, mfanyakazi alipwe ndani ya siku 7 mshahara wake, malipo mengine na mafao yote aliyokwisha kuyastahili. “Kwa namna yoyote ile” ni pamoja na kuacha kwako mwenyewe, kumalizika kwa mkataba, kupunguzwa kazi, hata kufukuzwa kwa kosa. Bosi anayesema “nilikufukuza kwa sababu ya wizi, kwa hiyo sikupi kitu” anachanganya mambo mawili. Akiwa na ushahidi wa wizi, aende polisi au mahakamani. Kamisheni uliyoipata kihalali mwezi uliotangulia haifutwi na tuhuma.

Tahadhari moja kuhusu namba za vifungu. Sheria za Uganda zilichapishwa upya katika toleo jipya lililoanza kutumika mwaka 2024, na namba zimesogea. Hapa natumia namba za mwaka 2006, ambazo wengi bado wanazitaja. Katika barua yako taja jambo lenyewe, kwamba malipo yote yatoke ndani ya siku 7 baada ya ajira kwisha, na hakuna atakayekupotosha kwa namba.

Sasa tufike kwenye ugumu wenyewe. Siku 7 zinahusu kile ulichokwisha kukistahili. Je, kamisheni inastahiliwa siku gani? Mteja anapotia sahihi? Mzigo unapofika kwake? Anapolipa awamu ya kwanza? Anapomaliza deni? Jibu lipo kwenye mkataba wako, na ikiwa mkataba haukusema, kwenye mazoea ya jinsi mlivyolipana miezi yote iliyopita. Ndiyo maana ujumbe wa simu unaosema “kamisheni ya Oktoba imetumwa, seti 14” una thamani kubwa. Unaonyesha nini kilihesabiwa, lini, na kwa kiwango gani.

Chukua mfano wa kubuni wa muuza sola wa Nakivale. Analipwa shilingi 250,000 kwa mwezi, na kamisheni ya 15,000 kwa kila seti: nusu seti inapofungwa nyumbani kwa mteja, nusu ya pili mteja anapokamilisha malipo matatu ya mwezi. Anaacha kazi tarehe 20 Machi, akiwa ametoa notisi. Mwezi huo alikuwa amefunga seti 18, na nusu ya kwanza hajalipwa. Hiyo ni 18 mara 7,500, yaani 135,000. Katika seti 30 za Novemba na Desemba, wateja 22 wamekwisha kulipa mara tatu, lakini nusu ya pili haijatoka: 22 mara 7,500, yaani 165,000. Jumla ni 300,000, na juu yake mshahara wa siku alizofanya kazi Machi. Fedha hizi hazina mjadala. Masharti yote yametimia akiwa bado kazini.

Lakini ana pia seti 24 za Januari na Februari ambazo wateja wake wanaendelea kulipa, na zile 18 za Machi zenye nusu ya pili mbele. Seti 42 mara 7,500 ni 315,000, kiasi kinachozidi kile kisicho na mjadala. Hapa ndipo kampuni itakapomwambia kwamba asiyekuwepo halipwi.

Itategemea mkataba umeandikwaje. Kama umesema wazi kwamba nusu ya pili ni malipo ya kufuatilia mteja na kukusanya deni, na sasa mtu mwingine ndiye anayefuatilia, kampuni ina hoja, na mimi nisingekudanganya kwamba utashinda kirahisi. Kama umesema tu kwamba nusu ya pili hulipwa mteja akifikisha malipo matatu, bila neno juu ya nani awe kazini siku hiyo, hoja ni yako: kazi ya kumleta mteja uliimaliza, kilichobaki ni kusubiri sharti litimie. Na kama kuna kipengele kinachosema anayeondoka hupoteza kamisheni yote ambayo haijalipwa, kitenganishe vipande viwili. Kwa kamisheni ambayo haijaiva, kipengele hicho kinaweza kusimama. Kwa ile iliyokwisha kuiva na inangoja tu siku ya malipo, kinagongana na kifungu cha 27, kinachobatilisha makubaliano yanayoondoa haki zilizowekwa na sheria hiyo, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu. Ukiwa umeishika tofauti hii, utazungumza na afisa yeyote bila kubabaika.

Kwa hiyo usidai 615,000 kwa mkupuo. Dai 300,000 ndani ya siku 7, na kwa hiyo 315,000 omba taarifa ya maandishi ya kila mwezi ikionyesha wateja waliofikisha malipo matatu. Vipi wale 8 wa Novemba na Desemba ambao hawajafikisha? Waorodheshe pia, lakini usiwategemee kulipia kodi ya nyumba.

Visingizio vingine utavisikia. Cha kawaida ni kwamba wateja wako wamekimbia na deni, kwa hiyo hasara inakatwa kwenye kamisheni. Sheria imeorodhesha makato yanayokubalika kwenye mshahara: kodi na michango iliyowekwa kisheria, mfuko wa pensheni uliouridhia kwa maandishi, kodi ya kiasi ya nyumba uliyopewa, ada ya chama cha wafanyakazi. Deni la mteja halimo. Mkataba unaweza kusema kamisheni haipatikani mpaka mteja alipe, na hilo ni sharti la kuiva. Kuichukua baada ya kuiva ni jambo jingine.

Kingine ni kwamba huna mkataba wa maandishi. Mkataba wa mdomo unatambuliwa. Tena jukumu la kuandika ni la mwajiri: kifungu cha 59 kinamtaka akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, pamoja na mshahara au njia ya kuuhesabu, ndani ya wiki 12 tangu uanze. Asipofanya hivyo, asije akajificha nyuma ya ukimya wake mwenyewe. Vilevile kila anapokulipa anapaswa kukupa karatasi yenye mchanganuo, kwa lugha ambayo inatarajiwa utaielewa. Waliokuwa wakiitwa vibarua nao wasikate tamaa. Chini ya Kanuni za Ajira za mwaka 2011, kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo anastahili mkataba wa maandishi na haki za mfanyakazi wa kawaida.

Kisingizio kikubwa kuliko vyote, na kinachozidi kuenea, ni “wewe hukuwa mfanyakazi wetu, ulikuwa wakala huru”. Karatasi uliyotia sahihi inaweza kusema hivyo kweli. Jiulize hali yenyewe ilikuwaje. Ulipangiwa saa na eneo? Ulivaa fulana yao? Uliripoti kwa msimamizi kila asubuhi? Ulikatazwa kuuza bidhaa za wengine? Ulipewa likizo? Walikuwekea michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii? Kadiri majibu ya ndiyo yanavyozidi, ndivyo jina la wakala linavyopungua uzito. Na usishtuke wakikuambia kampuni yao ni ndogo mno kwa NSSF. Tangu marekebisho ya mwaka 2022 kila mwajiri anatakiwa kuchangia, awe na wafanyakazi wangapi. Mwajiri hutoa asilimia 10, mfanyakazi 5. Kama hawakukuwekea, hilo ni shauri jingine la kupeleka NSSF yenyewe.

Ukweli ukiwa kwamba ulikuwa wakala kamili, mwenye kibanda chako cha fedha za simu na uhuru wa kufungua na kufunga utakavyo, basi siku 7 za Sheria ya Ajira si zako. Deni bado ni deni. Njia yako ni mahakama ya hakimu.

Neno kwa walio Nakivale, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine. Makazi haya yamepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wengi wenu mmeuza bidhaa za makampuni ya mjini kwa sababu moja ya wazi: mnazijua lugha na nyumba za wateja. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, kifungu cha 29, inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kupata ajira na kufanya kazi ya kipato, na haki ya kuzifikia mahakama, pamoja na msaada wa kisheria. Mwajiri aliyekuajiri akijua hali yako, akapokea mauzo yako mwaka mzima, kisha siku ya kulipa akakumbuka kibali, anajaribu kukutisha. Kudai mshahara si siasa wala fujo, na hakugusi hadhi yako ya ukimbizi. Usikubali kunyamazishwa kwa hofu hiyo.

Kuna tatizo dogo linalozaa makubwa huko: namba ya simu. Wengi walianza kazi wakipokea malipo kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani au shemeji mwenye kitambulisho cha taifa. Kampuni inaweza kusema imelipa, na kweli imelipa, kwa jina lisilo lako. Kama ndivyo ulivyokuwa unapokea, mwombe mwenye laini akuandikie karatasi yenye sahihi ikieleza kwamba fedha zilikuwa zako, na uchukue taarifa ya miamala ya miezi husika. Kwa malipo yanayokuja, taja kwa maandishi laini iliyo kwa jina lako.

Viongozi wa kamati ya ustawi wa wakimbizi, kuanzia ngazi ya kijiji, na wenyeviti wa LC1 huko Kakoba, wanasaidia kupatanisha na kuandika barua inayothibitisha kwamba ulikuwa ukifanya kazi hiyo mtaani kwao. Pokea msaada huo. Ila shauri la ajira haliishii kwao, na usiache miezi ipite ukipangiwa kikao baada ya kikao chini ya mti.

Hatua ya kwanza rasmi ni barua ya madai. Iandike fupi. Kama ofisi ya kampuni inatumia Kiingereza, tafuta mtu akutafsirie, ubaki na nakala zote mbili. Kwa mfano:

“Mimi nilikuwa afisa mauzo wenu eneo la Nakivale, kuanzia Juni mwaka jana hadi tarehe 20 Machi. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimestahili kamisheni ya shilingi 300,000 ambayo sijalipwa, kama inavyoonyeshwa kwenye orodha iliyoambatishwa, pamoja na mshahara wa siku za Machi. Sheria ya Ajira inataka malipo yote yatoke ndani ya siku 7 tangu ajira kwisha. Naomba mnilipe kufikia tarehe 27 Machi. Naomba pia taarifa ya maandishi kuhusu wateja 42 ambao nusu yao ya pili bado inasubiriwa. Kama mnapinga kiasi chochote, nionyesheni ni mteja gani na kwa nini.”

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Inamlazimisha mhasibu kufungua kitabu badala ya kusema tu “tunalishughulikia”. Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea. Wakikataa kusaini, itume pia kwa WhatsApp au barua pepe ili tarehe ibaki.

Orodha utakayoambatisha iwe na namba za akaunti na tarehe tu. Usibebe picha za vitambulisho vya wateja, wala usihamishe orodha nzima kwa kampuni pinzani. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019, na hutaki mdaiwa wako apate shtaka la kukugeuzia.

Wasipojibu, nenda kwa afisa wa kazi. Kila wilaya na jiji linapaswa kuwa naye. Kama kazi yako ilikuwa mjini, uliza kwenye ofisi za Jiji la Mbarara. Kama ulifanya kazi ndani ya makazi, hiyo ni Wilaya ya Isingiro. Muuzaji aliyeajiriwa na ofisi ya Mbarara na kuuza Nakivale aanze Mbarara, ambako mwajiri yupo na wito utamfikia kirahisi. Huhitaji wakili. Beba mkataba au barua ya kuajiriwa kama ipo, ujumbe wa malipo ya nyuma, orodha yako, barua ya madai yenye muhuri, na majina ya wenzako wawili walio tayari kusema mlilipwa kwa utaratibu gani. Akiwepo mtu wa kukutafsiria kutoka Kiswahili, nenda naye. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini mezani kwa afisa utasikia zaidi Runyankole na Kiingereza.

Afisa huyo ana mamlaka ya kumwita mwajiri, kuchunguza, kupatanisha na kutoa uamuzi. Siku 90 zikipita bila uamuzi, sheria inakuruhusu kupeleka shauri Mahakama ya Viwanda, ambayo makao yake ni Kampala lakini hutoka kwenda kusikiliza mikoani, Mbarara ikiwemo. Andika tarehe uliyowasilisha malalamiko, maana siku hizo 90 hakuna atakayekuhesabia. Na kama unapinga pia kufukuzwa kwenyewe, dirisha ni dogo zaidi: miezi mitatu tangu siku ulipofukuzwa, isipokuwa uonyeshe sababu nzuri ya kuchelewa. Anayedai kamisheni peke yake ana muda mrefu kuliko huo, ila mashahidi huhama, na Nakivale wengine huhamia bara jingine kabisa.

Kwa msaada wa kisheria usio wa kulipia, Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere imefanya kazi na wakimbizi wa Nakivale kwa miaka mingi, na Chama cha Wanasheria cha Uganda kina mradi wa msaada wa sheria kwa wasio na uwezo.

Madai mengi ya kiasi hiki humalizwa kwa mapatano, na hakuna ubaya. Kupokea 260,000 leo kunaweza kuwa bora kuliko kufukuzia 300,000 kwa nauli za miezi sita kati ya Base Camp ya Nakivale na Mbarara. Lakini soma karatasi watakayokupa kusaini. Ikiwa imeandikwa kwamba umepokea malipo yako yote na huna dai lingine lolote, umeziaga pia zile nusu za pili za wateja 42. Omba waongeze mstari mmoja: “isipokuwa kamisheni ya wateja walioorodheshwa kwenye kiambatisho, itakayolipwa kadiri wanavyotimiza malipo matatu.” Wakikubali kulipa kwa awamu, kila awamu iandikwe tarehe, kiasi na namba ya simu itakayopokea, na mwafaka huo usainiwe mbele ya afisa wa kazi. Siku hiyo hiyo waombe na cheti cha utumishi, ambacho sheria inakupa haki ya kukidai unapoondoka. Mwajiri wako anayefuata atataka kujua uliuza nini, wapi, na kwa muda gani.